Ai Weiwei: Msanii aliyevunja mtungi wa miaka 2,000, kisha akawekwa ndani siku 81

Picha ni tatu tu. Ya kwanza, mwanamume ameshika mtungi wa kale. Ya pili, ameuachia. Ya tatu, vigae vimetapakaa miguuni pake na yeye anaitazama kamera kama vile hakuna kilichotokea.

Mtungi ulikuwa wa enzi ya Han, wa karibu miaka 2,000. Mwaka ulikuwa 1995 na mwanamume huyo ni Ai Weiwei, msanii wa China. Waliomwita mharibifu hawakukosa. Lakini nchini kwake, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, mahekalu na vitu vya kale vilivunjwa kwa amri ya wakubwa.

Hayo aliyajua tangu utotoni. Alizaliwa Beijing mwaka 1957, mtoto wa mshairi maarufu Ai Qing. Baba akaandamwa na chama, familia ikapelekwa Xinjiang, na mshairi akapewa kazi ya kusafisha vyoo. Kwa muda waliishi kwenye shimo lililochimbwa ardhini.

Mwaka 1981 Weiwei alikwenda Marekani, akarudi 1993 baba yake alipougua. Alishauri kuhusu muundo wa uwanja wa Olimpiki wa Beijing, ule unaofanana na kiota cha ndege. Michezo ilipofika mwaka 2008, akaisusia.

Mwaka huohuo, Mei, tetemeko lilipiga Sichuan na madarasa yakawaangukia wanafunzi. Wazazi walitaka kujua kwa nini shule ziliporomoka hivyo. Serikali ikakaa kimya, basi yeye akakusanya watu wa kujitolea wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika majina. Yalizidi 5,000. Akayaweka kwenye blogu yake, nayo ikafungwa.

Agosti 2009 polisi walimpiga kichwani mjini Chengdu. Wiki chache baadaye alifanyiwa upasuaji Munich kwa sababu ya damu iliyovujia kichwani. Katika jiji hilohilo alifunika ukuta wa nje wa jumba la sanaa kwa mabegi 9,000 ya shule. Ukiuliza kazi yake ipi ina uzito kuliko zote, ni hiyo. Mtungi ni utani mbele yake.

Aprili 3, 2011 alikamatwa uwanja wa ndege wa Beijing. Siku 81 alikaa chumbani na askari wawili, hata akienda chooni. Alipoachiwa akadaiwa kodi ya zaidi ya yuan milioni 15. Wananchi wakamchangia, wengine walikunja noti kama ndege za karatasi na kuzirusha ndani ya ukuta wa nyumba yake.

Pasipoti alirudishiwa Julai 2015, akahamia Berlin. Filamu yake ya 2017, Human Flow, inafuata wakimbizi katika nchi 23, ikiwemo Kenya, kambini Dadaab.

Si kila kitu kimemwendea sawa. Mwaka 2016 alijilaza ufukweni kuigiza mtoto wa Syria aliyekufa maji, na wengi wakaona kavuka mpaka.

Mwaka 2018 studio yake ya Beijing ilibomolewa. Yeye alirekodi ubomoaji huo na kuuweka Instagram.