Mtoto akiumwa sikio usiku, usikimbilie kumdondoshea mafuta

Maumivu ya sikio kwa mtoto mara nyingi huanza usiku. Mchana alikuwa na mafua tu, akicheza na wenzake. Ikifika saa saba usiku analia, anajishika sikio, hataki kulala. Kwa mzazi anayeishi Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, saa hizo si za kutafuta bodaboda. Anaangalia kilichomo ndani: mafuta ya alizeti, asali, kitunguu saumu, chumvi. Kama bibi yupo, naye ana dawa yake.

Nyingi ya dawa hizo huishia kudondoshwa ndani ya sikio, na hapo ndipo penye tatizo.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kinachounganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Akipata mafua unavimba na kuziba, majimaji yanabaki ndani, vijidudu vinazaliana na ngoma inasukumwa kwa nje. Akilala chali msukumo huongezeka, ndiyo maana usiku huwa mgumu.

Sasa fikiria tone la mafuta. Linaingia kwenye tundu la sikio na kuishia kwenye ngoma, wakati ugonjwa uko upande wa pili. Halifiki. Likifika, maana yake ngoma imeshatoboka, na hapo umepeleka mafuta na uchafu wake mahali ambapo havikupaswa kuingia. Kwa macho, nyumbani, huwezi kujua kama ngoma ni nzima au imetoboka.

Maji ya kitunguu saumu kibichi yanaweza kuunguza ngozi laini ya ndani ya sikio. Asali ya Itigi, pamoja na sifa zake zote, huacha unato na kumzuia mhudumu kuona ndani atakapompima mtoto. Maziwa ya mama yana faida kubwa, lakini kwa kunyonywa. Majani yaliyopondwa, mkojo na mafuta ya taa visiguse sikio kabisa.

Wapo watakaosema, mbona wangu alipona? Ni kweli, watoto wengi hupata nafuu ndani ya siku mbili au tatu hata bila dawa ya sikioni. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Israeli uliojaribu matone ya mitishamba, yenye kitunguu saumu ndani ya mafuta ya zeituni, kwa watoto wenye maumivu ya sikio. Maumivu yalipungua, lakini watafiti wenyewe walieleza kuwa sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na muda kupita. Tena watoto hao walikuwa wamepimwa kwanza na daktari.

Basi usiku huo ufanye nini? Kazi kubwa ni kupunguza maumivu, na hilo linawezekana nyumbani.

Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kamua vizuri, kijaribu kwenye kiwiko chako, kisha kiweke nje ya sikio kwa dakika tano hadi kumi. Wapo wanaopasha chumvi na kuifunga kwenye kitambaa. Mimi siipendi njia hiyo kwa watoto, kwa sababu chumvi hukaa na moto kuliko unavyodhani na ngozi yao huungua upesi. Mpakate akiwa ameinua kichwa. Anayenyonya anyonyeshwe mara kwa mara, mkubwa apewe maji na uji. Aliyevuka mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo kama anakohoa. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa, kwani inaweza kumletea sumu hatari ya kulegeza misuli.

Parasetamoli inafaa kuwepo nyumbani. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hupewa mililita 5. Soma chupa kwanza, maana hazilingani nguvu. Uzito wake utaupata kwenye kadi ya kliniki. Aspirini asipewe.

Jambo linalowadanganya wazazi wengi ni hili: mtoto amelia usiku kucha, alfajiri ananyamaza ghafla na mto umelowa usaha. Nyumba nzima inashukuru. Kumbe ngoma imepasuka, msukumo umepungua, na ugonjwa bado upo. Siku hiyo apelekwe zahanati. Wakati huo kausha sikio: sokota kipande cha kitambaa laini na safi kiwe kama utambi, kiweke sikioni, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka sikio likauke. Rudia mara tatu kwa siku. Usitumie njiti wala pamba inayoweza kubaki ndani, na maji yasiingie akioga. Usaha ukifika siku 14 unahesabika kuwa ugonjwa sugu, nao unaweza kumpunguzia mtoto usikivu. Mtoto huyo akifika shule ataitwa mzembe, kumbe hamsikii mwalimu.

Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, shingo kukakamaa, degedege, uso kupinda upande mmoja, kutapika kila kitu au kulegea na kusinzia kupita kawaida ni dharura. Usisubiri asubuhi. Itigi ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa naye awahishwe. Wengine wapelekwe zahanati maumivu yakizidi siku mbili, homa ikipanda, au masikio yote mawili yakiuma kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Mafuta yana nafasi yake moja. Mdudu aliye hai akiingia sikioni, na mtoto hana historia ya kutoka usaha, matone machache ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto humuua na kuondoa mateso. Kumtoa mwachie mhudumu.

Na ukiwa kliniki, angalia kwenye kadi kama amemaliza chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14. Vijidudu inavyovizuia ni miongoni mwa vile vinavyoumiza masikio.