Kamera za mitumba: Nusu saa ya kujaribu yaokoa mtaji

Na Mwandishi Wetu

MUUZAJI wa kamera zilizotumika akiulizwa hali ya bidhaa yake, jibu huwa moja: "Bosi, hii haijapigwa sana, angalia mwenyewe namba." Kisha huwasha kamera, hupiga picha moja na kumwonyesha mteja jina la faili kwenye skrini, mathalani IMG_0412. Mteja huamini kuwa kamera hiyo imepiga picha 412 tu tangu itoke kiwandani, na hulipa bei inayokaribia ile ya kamera mpya.

Namba hiyo haithibitishi chochote. Kamera za Canon, kwa mfano, huhesabu majina ya faili hadi 9999 na kisha huanza tena na 0001. Aidha, mwenye kamera anaweza kuirudisha hesabu hiyo mwanzo wakati wowote kupitia menyu. Kamera iliyoandika IMG_0412 yaweza kuwa imepiga picha 412, na yaweza pia kuwa imezunguka mara tisa na kupita picha 90,000.

Makosa ya namna hii ndiyo yanayokula mitaji ya wafanyabiashara wadogo wa bidhaa hii, ambayo soko lake limebadilika mno. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 duniani kote. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 8 na ushei. Simu za mkononi zilizifuta kwanza kamera ndogo za mfukoni. Baadaye kamera kubwa za DSLR nazo zikasukumwa kando na zile zisizo na kioo cha ndani, ambazo wapiga picha huziita mirolesi. DSLR zilizopelekwa sokoni mwaka 2012 zilizidi milioni 16, lakini mwaka 2023 zilibaki milioni 1 na kidogo.

Kwa mlaji wa Kariakoo au Mombasa, mabadiliko hayo yana sura nzuri. Studio na wapiga picha wa nchi tajiri wanaohamia kwenye mirolesi huuza DSLR zao, na sehemu ya mzigo huo huingia Afrika Mashariki kupitia Dubai au ndani ya mabegi ya wasafiri. Kamera iliyokuwa ndoto ya studio kubwa mwaka 2008, kama Canon EOS 5D Mark II yenye megapikseli 21, sasa iko ndani ya uwezo wa kijana anayepiga picha za kipaimara na send-off. Tatizo ni kwamba nzima na mbovu hufanana kwa nje.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mfanyabiashara amenunua bodi kumi kwa shilingi 600,000 kila moja, na anategemea kuziuza kwa shilingi 800,000. Zote zikiwa nzima atapata faida ya shilingi 2,000,000. Mbili zikiwa zimekufa na kuuzwa kama vipuri kwa shilingi 100,000 kila moja, faida inashuka hadi shilingi 600,000, na bado hajalipa nauli, ushuru wala pango. Zikifa tatu, ameshapata hasara ya shilingi 100,000 kabla ya gharama hizo.

Mtaji wa namna hiyo hulindwa na vifaa vinavyoenea kwenye mfuko mmoja: tochi ndogo, betri iliyojaa chaji, kadi ya kumbukumbu ya mnunuzi mwenyewe, stendi, ukurasa mmoja wa gazeti na, ikiwezekana, kompyuta mpakato. Enzi za filamu mnunuzi alilazimika kupiga mkanda mzima wa picha 36 na kusubiri maabara ya kusafishia. Sasa majibu yanapatikana palepale kaunta, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumwonea huruma anayenunua bila kujaribu.

Jambo la kwanza ni shata, yaani pazia dogo linalofunguka na kufungika mbele ya kihisi cha mwanga kila picha inapopigwa. Anayenunua gari la mtumba huangalia kilomita. Anayenunua kamera huangalia idadi ya mibofyo ya shata. Canon waliijaribu shata ya 5D Mark II kwa mibofyo 150,000, na ya EOS 6D kwa 100,000. Nikon walitaja 150,000 kwa D750 na 200,000 kwa D850. Kamera za waandishi wa habari wa michezo, kama Canon EOS-1D X, zilitajwa kwa 400,000. Takwimu hizo si tarehe ya kifo. Zipo shata zinazovuka kiwango na zipo zinazokatika mapema, lakini 5D Mark II iliyofika mibofyo 140,000 haiwezi kuuzwa bei moja na iliyofika 20,000.

Kwa Nikon kazi ni nyepesi, kwani idadi hiyo huandikwa ndani ya faili ya kila picha. Piga picha moja, itoe kadi, isome kwa programu ya kompyuta inayoonyesha taarifa za ndani za picha. Canon wengi hawaandiki idadi hiyo kwenye picha, hivyo huhitajika waya na programu inayozungumza na kamera yenyewe. Muuzaji asiyeruhusu kamera yake iunganishwe na kompyuta amekwishajibu swali.

Hata hivyo upo mtego hapa ambao hata wazoefu huwanasa. Kurekodi video hakuongezi mibofyo kwa kiasi kinacholingana na kazi iliyofanyika, kwani shata hufunguka mara moja na kubaki wazi. Kamera iliyorekodi harusi kila Jumamosi kwa miaka mitano yaweza kuonyesha idadi ndogo ya kupendeza, huku kihisi na saketi zake zikiwa zimepikwa na joto. Dalili zake hutafutwa kwingine: raba ya mshikio iliyolainika au kubanduka, tundu la maikrofoni lililolegea, mikwaruzo chini ya kamera pale stendi inapofungwa.

Kihisi chenyewe hujaribiwa kwa picha mbili. Ya kwanza hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa sekunde moja au mbili, na ISO ikiwa 800. Picha inatakiwa iwe nyeusi. Nukta zinazong'aa na kurudi mahali palepale katika picha inayofuata ni pikseli zilizoharibika. Moja au mbili zinavumilika. Ya pili hupigwa kuelekea ukuta mweupe au anga, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16 na fokasi ikiwa imevurugwa makusudi. Madoa ya kijivu yatakayoonekana ni vumbi, na vumbi husafishika. Mstari mwembamba ulionyooka au mkwaruzo hausafishiki, na bodi hiyo iachwe.

Bodi kutoka mijini pwani ikaguliwe pia kwa chumvi. Fungua mlango wa betri na uangalie vidole vya chuma, kisha uangalie reli ya juu inayopokea taa ya flashi na vichwa vya skrubu. Ukijani au unga mweupe mahali hapo ni ishara ya maji ya bahari, na kamera iliyokunywa maji ya bahari huendelea kuoza ndani hata ikiwa leo inawaka.

Baada ya bodi kuna lenzi, na hapa ndipo fedha nyingi zaidi hulala. Bodi hushuka thamani kila kiwanda kinapotoa toleo jipya. Lenzi nzuri hukaa. Mdomo wa EF ambao Canon waliuanzisha mwaka 1987 bado unatumika. Lenzi zake huvikwa adapta na kufanya kazi kwenye mirolesi za Canon, na fokasi yake ya kujiendesha haipotei. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 ya toleo la pili, iliyotoka mwaka 1990, bado hununuliwa na wanafunzi wa upigaji picha. Kwa mwenye mtaji mdogo anayetaka bidhaa isiyoozea kwenye kabati, lenzi ina usalama kuliko bodi, mradi haina kuvu.

Kuvu, au fangasi kama mafundi wanavyoiita, ndiyo adui mkuu wa lenzi katika hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Huota ndani, kati ya vioo, pale lenzi inapofungiwa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati lenye unyevu. Ukiiangalia kwa mwanga wa kawaida huoni kitu. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, elekeza tochi kutoka upande wa nyuma kwa mshazari na uchungulie kwa mbele. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au mizizi midogo inayotoka ukingoni kwenda katikati. Ukiona ukungu mzima kama kioo kilichopuliziwa pumzi, huo ni mvuke wa mafuta ulioganda juu ya kioo, na kwa picha za kuelekea jua au taa za ukumbi ni mbaya vilevile.

Fundi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta kuvu, lakini ikiwa imekaa muda mrefu huwa imeshakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na alama yake haiondoki. Chembe chache za vumbi ndani ya lenzi hazina madhara yanayoonekana kwenye picha, wala mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma huonekana zaidi. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: hukataa lenzi nzima kwa sababu ya vumbi la mbele, kisha hubeba yenye kuvu kwa kuwa imefutwa ikang'aa.

Kinachofuata ni gazeti. Bandika ukurasa ukutani, weka kamera kwenye stendi ikiutazama ukuta sawasawa, jaza ukurasa kwenye picha na upige tundu likiwa wazi kabisa, kisha upige tena kwa f/8. Kuza picha kwenye skrini na usome herufi za pembe nne. Ni kawaida kwa pembe zote kulegea kidogo tundu likiwa wazi, na kukaza kwenye f/8. Ikiwa upande wa kushoto unasomeka na wa kulia umefifia, na hali hiyo inabaki hata kwenye f/8, vioo vya ndani vimehama. Lenzi ya namna hiyo mara nyingi imewahi kuanguka.

Kama katikati ya ukurasa ndiyo haisomeki, jaribu kulenga kwa skrini badala ya tundu la kuchungulia. Ikisomeka vizuri kwa skrini, kosa liko kwenye ulinganifu wa fokasi kati ya bodi na lenzi. Bodi kama 5D Mark II na 7D zina sehemu ya kurekebisha jambo hilo kwenye menyu. Za daraja la chini nyingi hazina, na mnunuzi atalazimika kwenda kwa fundi.

Malalamiko mengine ya wateja hutokana na kutolingana kwa vifaa, bila ubovu wowote. Lenzi za Canon zenye alama ya EF-S hazifungi kwenye 5D au 6D. Lenzi za Nikon za AF-D hazijilengi zenyewe kwenye bodi za familia ya D3000 na D5000, kwa kuwa bodi hizo hazina mota ndani. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake. Wapo waliozinunua kwa bei ya kutupa wakidhani lugha itabadilishwa nyumbani.

Betri ijaribiwe kwa chaji kamili, na iliyovimba ikataliwe. Bodi zinazotumia LP-E6, ikiwamo 5D Mark II, zina ukurasa wa menyu unaoonyesha hali ya betri kwa vibonge vitatu; kikibaki kimoja, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano.

Mnunuzi ajue pia jinsi sheria inavyomtazama. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, humlinda anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo kwa kutaka ziwe na ubora unaofaa kuuzwa. Lakini ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo ukaguzi ulipaswa kuzifichua, endapo mnunuzi aliikagua bidhaa. Aliyeishika lenzi, akaigeuzageuza na kuridhika bila kuwasha tochi, atapata shida kudai fedha zake kwa ajili ya kuvu.

Kwa hiyo mapatano yafanywe baada ya majaribio, na matokeo yawekwe kwenye karatasi: idadi ya mibofyo iliyosomwa, siku za majaribio alizokubali muuzaji, na namba ya bodi na ya lenzi, kila moja kwenye mstari wake. Namba ya lenzi ilinganishwe tena baada ya muuzaji kurudi na boksi kutoka stoo.