Pikipiki ya Mchina na Matope ya Kebirigo

Kebirigo ikinyesha, njia ya kwenda kituo cha majani chai inateleza kama sabuni. Pikipiki ya Mchina ya 150cc hupanda tu, mradi umeitayarisha. Toa tairi za lami, weka zenye meno makubwa. Sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi huongeza nguvu ya kupanda, lakini kwenye lami utapitwa na kila mtu, na mafuta yatakwisha haraka! Ukibadilisha sproketi, nunua zote mbili pamoja na cheni. Cheni nzee hula meno mapya upesi.

Hapo ndipo pesa hupotea. Mwaka jana nilimlipia mjomba cheni kabla ya kuiona. Ikaletwa iliyotumika, na ile namba haikushika tena. Siku hizi naenda dukani, naishika cheni mkononi, halafu nasoma jina kwenye simu kabla sijaweka PIN. Likiwa si la duka, nauliza kwanza. Meseji ya malipo usiifute. Muuzaji akikataa kubadilisha spea, hiyo ndiyo risiti yako. Oili nayo haingoji, kwa hivyo weka shilingi 50 kila jioni kwenye akiba ya simu.