Piga Hesabu ya Chumba Kabla ya Joho

Mpwa wangu kamaliza shahada ya sheria. Wiki iliyopita alinijia na daftari, ukurasa mzima una mstari mmoja: Ada. "Mjomba, hii nikiipata tu, naingia Shule ya Sheria." Nikamwomba kalamu.

Jua kwanza unanunua nini. Shahada peke yake haikupi ruhusa ya kumsimamia mteja mahakamani. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoanzisha Shule ya Sheria Tanzania, na anayetaka uwakili leo lazima apite pale, mwaka mmoja wa darasa na mazoezi ya vitendo. Matangazo ya kazi ya hakimu mkazi na wakili wa serikali nayo hudai cheti hicho hicho. Kama hujaanza hata shahada na hesabu yako inaishia kwenye miaka ya chuo kikuu, umehesabu nusu ya safari.

Mfuko hauruhusu? Stashahada ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, ni miaka miwili, na inamfaa anayetaka ukarani wa mahakama au usaidizi kwenye ofisi ya wakili. Chuo Kikuu Huria kinakuacha uendelee na kazi yako huku unasoma. Ila huko hakuna wa kukuamsha, na mwaka ukirefuka, gharama nazo zinarefuka.

Turudi kwenye daftari. Shule iko Dar es Salaam, Barabara ya Sam Nujoma, na anayetoka Songea au Bukoba anahitaji chumba. Tuseme umepata cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, 600,000. Dalali anataka chake, kodi ya mwezi mmoja, 100,000 nyingine. Hujanunua godoro, na 700,000 imekwenda. Halafu kuna luku ya kuchangia, maji, na taka. Uliza kabla hujatoa hata senti: luku ni ya peke yako au mnachangia na mwenye friji?

Chumba cha bei nafuu Mbezi au Gongo la Mboto kinavutia kwenye karatasi. Zidisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku ishirini na mbili za mwezi, kisha jumlisha saa unazokaa kwenye foleni ukiwa na mtihani kesho. Ushauri wangu ni wawili kugawana chumba cha karibu. Ni nafuu kuliko mmoja kukaa mbali, na unapata mtu wa kujisomea naye.

Mstari ambao hakuna anayeuandika ni wa sapu, yaani mitihani ya kurudia. Matokeo ya Shule ya Sheria yaliyozua gumzo Oktoba 2022 yalikuwa hivi: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia baadhi ya mitihani 342, waliodisko, yaani kuondolewa masomoni, 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sisemi kila kundi huishia hivyo. Nasema ukipata sapu, mwenye nyumba hajui sapu ni nini, anachojua ni tarehe. Tenga kodi na chakula cha miezi mitatu ya ziada. Kama huna, hujawa tayari kuanza.

Pesa itoke wapi? Bodi ya Mikopo ndiyo ya kwanza kugonga. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani. Lakini ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa: kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi, kabla hujaona chako. Soma mwongozo wa mwaka husika, na usidhani mkopo wa shahada unakufuata wenyewe hadi Shule ya Sheria.

Mikopo ya kausha damu ikimbie. Unasaini laki tatu, wanakata ya fomu na ya uchakataji, unatoka na pungufu, lakini unarejesha laki tatu na riba juu. Kwa mtu asiye na kipato mwaka mzima, huo ni mtego.

Vitabu, usihangaike. Hukumu zipo bure TanzLII. Soma kwenye simu, chapisha kurasa unazozihitaji tu. Na ukiuziwa sheria za mtumba, tazama jalada. Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, hivyo kile kitabu cha Toleo la 2002, hata kama kina mistari ya rangi ya aliyefaulu, kinaweza kukufanya utaje kifungu kisicho sahihi mbele ya hakimu.

Suti nyeusi nunua Karume. Ipeleke juani kabla ya kulipa: nyeusi iliyochoka huonyesha ukijani mabegani. Geuza ndani, angalia bitana ya kwapa. Ya fundi inakaa vizuri zaidi, ila nunua moja ya mtumba sasa, ya fundi ngoja mshahara.

Na ukifaulu bado utalipa: maombi ya kuapishwa, joho, kisha leseni na ada ya chama cha mawakili kila mwaka, uwe na wateja au usiwe nao.

Kwa hiyo nani aende sasa? Mwenye kodi ya mwaka na ile akiba ya miezi mitatu mkononi, na nia ya kweli ya mahakama. Anayetaka kazi ya benki au ya rasilimali watu, aanze kazi kwanza. Aende baadaye, mwajiri akihitaji.

Mpwa wangu kaahirisha hadi kundi lijalo. Kapata kazi ya muda kwa wakili mmoja, kupeleka hati mahakamani. Suti keshanunua. Mkono wa kushoto umezidi kidogo, na fundi kataka elfu tano kuupunguza.