Saratani ya kibofu: MRI inaonaje imefika wapi?

Tuseme baba yako mdogo kule Sumbawanga amekojoa damu. Haumwi popote, na kesho yake mkojo umerudi kawaida, basi anaendelea na palizi ya mahindi. Hapo ndipo wengi wanapopoteza muda. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ichunguzwe. Inaweza kuwa kichocho. Inaweza pia kuwa saratani ya kibofu. Na kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi bila tiba, chenyewe kinaweza kuleta saratani hiyo.

Ikishajulikana ni saratani, swali linalofuata ni hili: imezama kiasi gani? Fikiria ukuta wa nyumba ya tofali. Lipu ni utando wa ndani wa kibofu, tofali ni msuli, na nje kuna mafuta na viungo jirani. Saratani ikiwa kwenye lipu tu (hatua ya Ta au T1), daktari huikwangua kwa kifaa kinachopita njia ya mkojo, na mara nyingi dawa huwekwa ndani ya kibofu. Ikiingia msulini (T2), huenda kibofu chote kikatolewa, au mgonjwa akapewa mionzi pamoja na dawa.

MRI haitumii eksirei. Sumaku yenye nguvu inapanga hidrojeni iliyo kwenye maji ya mwili, mawimbi ya redio yanaitikisa, nayo inarudisha ishara zinazogeuzwa kuwa picha. Msuli wa kibofu unaonekana kama mstari mweusi. Mstari ukikatika palipo na uvimbe, hapo pana wasiwasi. Picha nyingine inaonyesha maji yanavyotembea: kwenye saratani seli zimebanana, maji hayapiti vizuri, na sehemu hiyo inang'aa. Tangu 2018 madaktari wana mfumo wa VI-RADS, wenye alama 1 hadi 5. Alama 1 maana yake msuli karibu hakika uko salama. 5, karibu hakika umeingiliwa.

MRI haiondoi haja ya kinyama, maana maabara ndiyo inayothibitisha saratani. Ila mpangilio una maana: kidonda kipya cha kukwanguliwa huvimba na kuvuruga picha. Sumbawanga hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli hiyo si ya kulipa mara mbili. Kwa hiyo muulize daktari mapema: "Tuanze na picha au na kukwangua?"