Kabla Hujanunua Shokapu

Usukani ukianza kutetemeka, ushauri wa kwanza utakaoupata ni ule ule: badilisha shokapu. Mimi nashusha mboga kutoka Lukozi, juu kule Lushoto, mpaka Mombo, kwa Hilux ya LN106 yenye injini ya dizeli ya 3L, na ushauri huo nimepewa na makondakta, wauza vipuri, hata shemeji yangu ambaye hajawahi kushika spana. Siwalaumu. Shokapu linaonekana. Ukiinama uko nalo uso kwa uso, na likivuja linavuja mbele ya macho yako. Kinachokufa mbele ya pikapu ya namna hii, mara nyingi, hakionekani mpaka kifunguliwe.

Hilux za kizazi hiki zilianza kutoka mwaka 1988. Zenye kuvuta mbele na nyuma za LN106, kama yangu, zina ekseli nzima mbele: bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi, limefungwa kwenye springi za mabamba sawa na za nyuma. Hakuna boljointi. Kila ncha ya bomba ina tufe la chuma lililo wazi ndani. Juu ya tufe imevishwa nyumba inayobeba tairi, na nyumba hiyo hugeukia kwenye beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini, ambazo mafundi huziita za kingpini. Ndani ya tufe inapita shafti yenye sivi jointi mwishoni, imezama kwenye grisi nzito. Na kati ya grisi hiyo na oil ya difu kuna sili moja tu ya mpira, inayoenea kiganjani.

Sili hiyo ikichoka, mengine yote yanafuata. Oil namba 90 inapenya kutoka difu, inaingia kwenye tufe, inaiyeyusha grisi mpaka inakuwa uji, inaosha beringi za kingpini, kisha inatokea nje na kuchafua rimu kwa ndani. Wengi wakiona ule weusi unaong'aa wanalaumu breki. Chovya kidole, unuse: oil ya difu ina harufu kali ya kiberiti, mafuta ya breki hayana. Ukiacha hivyo, oil itafika kwenye pedi, na kwenye kona za Soni, na matenga ya nyanya mgongoni, hapo ndipo utakapojua maana ya mteremko.

Kwa nini sili inachoka? Umri, ndiyo, na vumbi. Lakini kuna kitu kidogo ambacho gereji nyingi hazikitazami kabisa, nacho ni kipumulio cha difu, kile kikofia kilichokaa juu ya bomba la ekseli. Difu ikipata moto, hewa ndani yake inatanuka na kutafuta pa kutokea. Kipumulio kikiziba kwa tope, hewa inaisukuma oil ipite kwenye sili. Unaweza kufunga sili mpya leo, ya gharama yoyote utakayo, na mwezi ujao rimu ikawa nyeusi tena, kwa sababu ya kikofia ambacho kingesafishwa kwa dizeli na brashi.

Kabla ya kununua chochote, inua tairi. Weka stendi au magogo imara chini ya ekseli. Usimruhusu mtu aingize mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye wili beringi. Ukibaki, ni kingpini. Kisha shika kushoto na kulia: ukisikia mlio mdogo, angalia tairodi. Jaribio hili halina gharama, na limeniokoa nisinunue vitu ambavyo gari halikuvihitaji.

Kingpini zina ugonjwa wake. Kwa kuwa gari huenda mbele zaidi ya linavyokata kona, rola za beringi hukaa mahali pamoja miaka nenda rudi na kuchimba vijishimo kwenye ukuta wa beringi. Ukigeuza usukani polepole tairi likiwa hewani, unahisi pakigoma katikati. Gari la hivyo linatulia kwenye mawe, halafu likifika lami ya Mombo kwenda Segera, mwendo ukishika sabini, ligonge kiraka kimoja tu: usukani unatetemeka mpaka usimamishe. Shokapu mpya, au ile dampa ya usukani, itaficha mtetemeko huo kwa muda. Haiuponyi.

Fundi wangu wa Mombo ni mzee, tunamwita Mzee basi, na anafanya kazi bila haraka. Kwenye kifuniko cha habu kuna nati sita, na chini ya kila nati kuna washa ya umbo la koni iliyojibana kwenye bolti. Vijana wengi huzichokoa kwa bisibisi mpaka bolti zinaharibika. Yeye anagonga kifuniko chenyewe kwa kipande cha shaba, anazunguka taratibu, na washa zinaruka moja moja. Ndani kuna nati kubwa ya wili beringi, saizi 54, yenye nati nyingine juu ya kuifunga. Hapo hapo ndipo unapomjua fundi: mwingine huifungua kwa boksi spana, mwingine huigonga kwa tindo.

Akishafungua nyumba ya tufe anatoa shimu, vile vibati vyembamba vinavyokaa juu na chini ya kingpini. Siku moja nilitaka kumsaidia, nikavikusanya nivioshe kwenye beseni moja.

"Mama, acha kwanza," akaniambia. "Vya juu na vya chini si ndugu."

Kila upande anaufunga kwenye kitambaa chake na kuandika kwa chaki, kwa sababu shimu hizo ndizo zinazoiweka nyumba katikati ya tufe na kuamua beringi zibane kiasi gani. Akimaliza kufunga kingpini mpya, kabla ya kurudisha shafti na tairodi, ananing'iniza mzani wa wauza samaki kwenye shimo la tairodi na kuvuta. Kitabu cha gari kinataka nyumba ianze kugeuka kwa kilo chache tu, na kiasi chake kimeandikwa. Ikigeuka bure, anapunguza shimu. Ikigoma, anaongeza.

Shafti nayo inarudi kwa heshima. Meno yake yakiilalia sili mpya wakati wa kuingia, umeikata kabla gari halijatoka gereji. Mzee anaibeba shafti kwa mikono miwili mpaka iingie kwenye difu, halafu anajaza grisi ya sivi jointi, ile nyeusi yenye molibdeni, karibu robo tatu ya nafasi.

Kwenye springi sina mengi. Bushi za kuchongwa kwa mpira wa tairi zinakusogeza, lakini hazikai. Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake; ukizikaza likiwa juu, mpira unajikunja unaposhusha na utachanika mapema. Yu-bolti zikazwe kwa kupishana, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo. Senta bolti ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linatembea kimshazari. Pima kwa futi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili.

Na alaimenti: kwenye ekseli nzima, kinachorekebishwa kwa kawaida ni kimoja tu, mwelekeo wa pua za tairi, kwa kuzungusha tairodi. Anayekutoza kwa kurekebisha mengine, mwombe akuonyeshe anazungusha nati gani.

Vipuri vipo Gerezani, Dar es Salaam, vya kila bei. Kwa bushi unaweza kubahatisha. Kwa beringi na sili usibahatishe, kwa sababu ukifungua tena utalipia kazi yote upya. Na ukinunua gari la namna hii mkononi, kabla ya kutoa hela fungua kifuniko cha habu uitazame ile nati kubwa. Ikiwa imeng'atwa na tindo, punguza bei, kisha tafuta fundi mwenye boksi spana ya 54.