Gari Katika Nchi za Baridi (Sehemu ya Pili): Tairi la Theluji Huchaguliwa kwa Mpira Wake

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna baridi inavyodhoofisha betri, na namna ya kuyakinga maji ya rejeta yasigande. Leo tunashuka kwenye matairi. Makala haya yanawahusu zaidi wasomaji wetu walioko Quebec, nchini Kanada, ambako wahamiaji wengi kutoka Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura wamepata makazi, kwa kuwa Kifaransa wanakijua tangu kwao. Huko tairi la theluji ni sharti la sheria. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 2008, na tangu 2019 kila gari dogo la abiria lililosajiliwa katika jimbo hilo linatakiwa kuwa na matairi ya theluji kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Anayekiuka hutozwa faini ya dola 200 hadi 300 za Kanada.

Sheria inamlazimisha dereva kununua, ila haimfundishi kuchagua. Wengi wetu tuliojifunzia udereva nyumbani hukagua tairi kwa jicho: kashata zikiwa nene tairi ni zima, zikiisha ni kipara. Kwenye tope la Kivu au la Mbeya kigezo hicho kinafaa. Kwenye baridi kali hakitoshi, kwa sababu kinachotangulia kushindwa ni mpira wenyewe.

Mpira wa tairi hushika barabara kwa kuwa ni laini: hubonyea na kuingia katika vinundu na vishimo vidogo vya lami. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa, kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya kipupwe. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyokuwa mgumu, na tairi gumu huteleza hata kwenye lami isiyo na theluji. Watengenezaji wa matairi ya theluji hubadilisha mchanganyiko wa mpira kwa kuongeza silika na mpira wa asili, ili tairi libaki laini hata nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Kwa hiyo usingoje theluji ianguke ndipo uende gereji. Asubuhi zikianza kuwa chini ya nyuzi 7, wakati wa kubadilisha umefika.

Jambo la pili ni umbo. Ukilitazama tairi la theluji kwa karibu, utaona kila kipande cha kashata kimechanjwa vipasuo vingi vyembamba. Gari likisonga, vipasuo hivyo hufunguka na kingo zake hung'ata barabara. Mifereji mipana nayo hukamata theluji na kuishikilia makusudi, kwa kuwa theluji hushikana na theluji nyingine kuliko inavyoshikana na mpira.

Barafu ina hatari zaidi ya theluji, na barafu iliyo karibu na nyuzi 0 huteleza kuliko iliyo kwenye baridi kali, kwa sababu juu yake hukaa utando mwembamba wa maji. Tuchukue gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, ambako kipimo cha msuguano ni kama 0.7, likifungwa breki husimama baada ya mita 14 hivi. Kwenye barafu, kipimo hicho kikishuka hadi 0.1, gari hilohilo litahitaji karibu mita 100. Tairi bora likikipandisha hadi 0.15 tu, umbali unapungua na kuwa mita 66. Mita 34 zilizookolewa zinaweza kuwa uhai wa mtoto anayevuka barabara. Hata hivyo mita 66 bado ni nyingi. Hakuna tairi linaloigeuza barafu kuwa lami, na mwendo wa taratibu unabaki kuwa wajibu wa dereva.

Dukani, tafuta alama ubavuni mwa tairi. Herufi M+S zinamaanisha matope na theluji, lakini hutolewa kwa kuangalia umbo la kashata, bila tairi kujaribiwa kwenye theluji. Alama ya kuaminika ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Ilianzishwa mwaka 1999, na tairi huipata baada ya kupimwa na kufikia kiwango maalumu cha kushika theluji. Tangu Desemba 2014 Quebec haikubali M+S peke yake, na Ujerumani ilifuata msimamo huohuo Oktoba 2024. Muuzaji akikuambia tairi ni la misimu yote, mwombe akuonyeshe mlima huo. Asipouonyesha, usinunue.

Nunua matairi manne. Wapo wanaofunga mawili mbele kwa kubana matumizi. Gari hilo litaondoka vizuri na kukata kona vizuri, kisha siku ya kufunga breki ghafla sehemu ya nyuma itateleza na kulizungusha. Mwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne naye asijidanganye: mfumo huo humsaidia kuondoka, lakini haumsaidii kusimama.

Kuna pia matairi yenye njumu za chuma, yanayofaa barabara zenye barafu muda mrefu. Quebec inayaruhusu kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei. Ubaya wake ni kelele, na kuikwangua lami. Japani ilipitisha sheria ya kuyazuia mwaka 1990, baada ya vumbi la lami iliyokwanguliwa kuchafua hewa ya miji, na viwanda vyake vikaelekeza nguvu kwenye mpira laini usio na njumu.

Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi wa Dar es Salaam na Mombasa. Gari lililotumika kutoka Japani linaweza kushushwa bandarini likiwa na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, yaani ya theluji yasiyo na njumu. Kashata zake huonekana nene na mpya, na mnunuzi hufurahi. Lakini kwenye joto letu mpira ule unalainika kupita kiasi, unalika haraka, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Yabadilishe mapema. Kwa sababu hiyohiyo, aliye Quebec ayavue yake majira ya baridi yakiisha.

Mwisho, mambo matatu ya ukaguzi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 3523 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ukinunua yaliyotumika, pima kina cha kashata. Kikiwa chini ya milimita 4.8 uwezo wa kushika theluji umepungua sana, ingawa sheria ya kawaida huishia milimita 1.6. Tena pima upepo mara kwa mara, kwa kuwa tairi hupoteza kama psi 1 kwa kila nyuzi 6 za joto zinazoshuka. Lililojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litakuwa limepungukiwa psi 7 likilala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wiki ijayo tutaeleza namna ya kushika usukani na kutumia breki gari linapoteleza. Kabla ya hapo, kama una ndugu aliyehamia Kanada mwaka huu, mpigie simu umuulize swali moja: matairi yake yana ule mlima wa vilele vitatu?